Mahema Manne ya Bir Ghanima

Mbwa alikuwa na ukurasa mzima.

Salima ndiye aliyekuwa akisoma. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Atiwa, na siku ile alikuwa ameketi juu ya gunia la shayiri jikoni, kitabu kikiwa magotini, huku shangazi yake Kamla akibandika mikate kwenye tanuri. Kitabu chenyewe kilikuwa hakijawa kitabu. Yalikuwa makaratasi yaliyotobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi, zawadi ya Bwana Hallam, mgeni aliyewajia kwa miaka tisa, kwa mwenyeji wake. Majira tisa ya baridi mzee yule alikuja Bir Ghanima na mita yake ya kupimia na kofia yake ya majani, akapima viwanja vyote vitano vya ndege vilivyoachwa na vita, akahesabu mapipa yenye kutu, akaokota vifungo vya makoti. Sasa alikuwa ameandika historia.

"Biskuti," Salima alisoma, "mbwa wa rangi ya kahawia, kipenzi cha marubani wote, aliyezoea kulala kwenye kiti cha ndege na kula jamu kwa kijiko. Alikufa katika shambulizi la alfajiri ya tarehe kumi na tatu Machi, akazikwa kwa heshima kando ya njia ya pili ya kurukia. Jiwe lake bado lipo."

"Rudia tarehe," Kamla alisema.

"Kumi na tatu Machi, shangazi. Elfu moja mia tisa arobaini na moja."

"Na wengine waliokufa alfajiri hiyo?"

Salima alishuka kwa kidole. "Hasara: ndege mbili, mapipa mia nne ya petroli yaliyokuwa yamefichwa bondeni, fundi mmoja aliyeungua mkono. Na Biskuti. Basi, hapo panaishia."

Mkate uliungua. Kamla aliuona ukiungua na hakuutoa. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane tangu mumewe alipokanyaga bomu la ardhini akitafuta kuni nyuma ya kiwanja cha tatu, na alidhani kwamba vita vile vilikwisha kumchukulia vyote vilivyokuwa vya kuchukuliwa. Kumbe kulikuwa na hili pia. Mbwa mla jamu amepewa jiwe, jina na ukurasa. Mama wa babu yake hakupewa hata nukta.

"Soma mwanzo," alisema. "Pale wanapofika."

Salima alifungua kurasa za mbele, akasoma kwa sauti ya mtu asiyetaka kusoma. "Afisa aliyetumwa kuchagua mahali aliandika katika taarifa yake: ardhi ngumu, tambarare, visima viwili vya kale vyenye maji na kimoja kikavu. Wakazi, hakuna. Hivyo viwanja vya Bir Ghanima vilijengwa mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu."

"Hapajawahi!"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Visima vilijichimba?" Kamla alifoka. "Shayiri ilijipanda? Sisi tuliota hapa baada ya vita, kama uyoga?"

Salima alifunga makaratasi. Alijua, na shangazi yake alijua kwamba anajua, kuwa hasira hii haikuwa ya kitabu peke yake. Keshokutwa mkaguzi wa ofisi ya ardhi alikuwa anakuja kutoka mjini Matruh. Serikali ilikuwa imeamua viwanja vile viwe urithi wa kihistoria, vizungushiwe waya, watalii walipe waingie. Wenye kuthibitisha kwamba familia zao zilikaa pale kabla ya vita wangeachiwa bonde la mitini na visima. Wasioweza wangepewa miezi sita ya kuhama. Na ushahidi mkuu uliokuwa mezani kwa mkaguzi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, ulikuwa historia ya Bwana Hallam.

Atiwa na wanaume wenzake walikuwa wamejiandaa. Walikuwa na majina kumi na manne ya mababu, yameandikwa kwa wino mzuri na Haji Jibril, ami yao, mkubwa wa ukoo. Kamla aliiona karatasi ile. Ilijaa wanaume tu.

Jioni alimfuata kaka yake zizini. Atiwa alikuwa akimkagua mbuzi mguu.

"Atiwa, majina mliyoandika si ya watu waliokuwepo."

"Ni mababu zetu."

"Ni mababu zetu, sawa, lakini hawakuwepo. Siku ile wanaume walikuwa wameshazolewa wote kwenda kujenga reli. Bibi yetu Ghazala alikuambia hayo mara ngapi? Waliobaki kwenye mahema ni wanawake. Waandike wao."

Atiwa aliuachia mguu wa mbuzi. Alikuwa mtu mpole, mwenye aibu hata mbele ya dada yake, na upole wake ulikuwa ukimuudhi Kamla tangu utotoni. "Unataka nisimame mbele ya mkaguzi na mgeni," alisema polepole, "nitaje mama yake babu? Nitaje wake za ndugu zake, mmoja mmoja, kwa majina yao? Haji Jibril ataniambia nini?"

"Mwache aseme."

"Mtu hatoi majina ya wanawake wa nyumbani kwake kwa watu baki, dada. Hulijui hilo?"

Kulijua! Hakuna aliyelijua zaidi yake. Ndilo lililowaua.

Kwa maana afisa yule wa mwaka arobaini na moja hakuzua. Aliuliza. Alifika na gari lake, akayakuta mahema manne, na mbele yake amesimama mchungaji mmoja, mwanamume pekee aliyeponea kuchukuliwa na watu wa reli kwa kuwa alikuwa mbali na kondoo. Mchungaji huyo alikuwa Sanad, babu yao. Afisa akauliza kupitia mkalimani wake: humo ndani ya mahema kuna nani? Na Sanad, ambaye ndani ya mahema yale alikuwa na mama yake, mke wake, mwanawe mchanga na wake za ndugu zake, alijibu kama mwanamume yeyote wa heshima angemjibu mgeni anayeuliza habari za hema lisilo na mwanamume. Alisema: hakuna mtu.

Kwa Sanad jibu lile lilikuwa ukuta. Kwa afisa lilikuwa hesabu. Aliandika: hakuna.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulirudisha neno. Sanad aliwaambia wanawake wajifiche katika kile kisima kikavu, pango kubwa lililochongwa na watu wa kale, mpaka atakapokwenda kuazima ngamia na kurudi kuwahamisha. Siku kumi na moja walikaa humo, yeye hajarudi, askari wakipita juu yao. Hawakujitokeza, kwa kuwa kujitokeza kungemfanya mwenye hema kuwa mwongo, na kwa kuwa waliwaogopa wale vijana wageni. Mahema yao yalikatwa yakawa vivuli vya malori. Kisha mtu mmoja kati ya wale waliosoma taarifa akaona bondeni hapo, penye shimo lisilo na mwenyewe, panafaa kufichia petroli, na mapipa mia nne yakapangwa juu ya vichwa vya watu ambao hawakuwepo. Alfajiri ya siku ya kumi na mbili ndege za upande wa pili zilikuja.

Bibi Ghazala alipona kwa sababu alikuwa ametoka gizani kwenda kuchota maji kwenye kisima cha mbali, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Miftah, aliyekuja kuwa baba yao Kamla na Atiwa. Alipogeuka, bonde lilikuwa linawaka.

Na Sanad akaishi mpaka miaka tisini na moja, akiheshimiwa, akikaa mbele katika kila sebule, bila kulisema hilo hata mara moja. Kamla alimpenda babu yake, lakini hakumsamehe.

"Lala salama," alimwambia kaka yake, akarudi ndani.

Mkaguzi alifika saa nne ya asubuhi, kijana wa mjini mwenye shati lililopigwa pasi, jina lake Ustadh Munir. Bwana Hallam alikuja naye garini. Waliingizwa sebule ya wanaume, chumba kirefu chenye magodoro kuzunguka kuta, na wanawake walikaa chumba cha pili, penye pazia. Kamla ndiye aliyepika chai. Glasi ya kwanza, kali. Ya pili, nyepesi kidogo. Ya tatu yenye nanaa, na hapo tu ndipo mtu mwenye adabu hutaja lililomleta. Kupitia pazia alisikia watu wakiulizana habari za mvua, bei ya tini, afya ya Haji Jibril, goti la Bwana Hallam. Alitamani kupiga kelele.

Hatimaye Ustadh Munir alifungua faili lake.

"Mabwana, sikuja kuwaonea," alisema. "Nimekuja kuuliza swali moja. Machi arobaini na moja, nani alikuwa anakaa hapa?"

Haji Jibril alisafisha koo. Alikuwa na sauti nzuri, sauti iliyozoea kusikilizwa, na alisoma majina kumi na manne bila haraka, kila mmoja na baba yake na babu yake. Alipomaliza, wanaume walinong'ona kwa kuridhika.

"Ahsante, Haji," mkaguzi alisema. Karatasi zilipekuliwa. "Sasa mniwie radhi. Hapa nina daftari la vibarua wa reli. Majina haya yote kumi na manne, ukimwondoa mmoja, yameandikishwa kambini tarehe mbili Machi, na walipokea chakula huko kila siku mpaka mwezi wa tano. Kilomita tisini kutoka hapa. Mtu halali mahali pawili, Haji."

"Huyo aliyebaki, Sanad," mkaguzi aliendelea, "inawezekana ni mchungaji anayetajwa na afisa. Lakini huyo mwenyewe ndiye aliyesema hapakuwa na mtu. Shahidi wenu ndiye amewakana."

"Alikuwa na maana yake," Haji Jibril alisema.

"Maana gani?"

Atiwa alikohoa. Kamla, nyuma ya pazia, alishika birika kwa mikono miwili akaisubiri sauti ya kaka yake. Sema, alimwambia kimoyomoyo. Sema sasa, ewe mwanamume, neno moja tu, sema walikuwepo wake zetu. Alisubiri. Alisikia shanga za tasbihi ya Haji zikigongana.

"Walikuwepo watu," Atiwa alisema mwishowe. "Wa nyumbani."

"Kina nani?"

"Wa nyumbani, Ustadh. Jamaa."

"Nipe jina moja."

"Jamaa zetu," Atiwa alirudia.

Ustadh Munir alipumua. Alisema kwa lugha ya mgeni maneno machache kwa Bwana Hallam, na Bwana Hallam akajibu kwa huzuni ya adabu, kama mtu anayetoa pole msibani. "Bwana Hallam anasema anasikitika sana," mkaguzi alitafsiri. "Amekula mkate wenu miaka tisa. Lakini yeye ni mtu wa kuandika kilichopo kwenye karatasi, na kwenye karatasi hakuna mtu. Basi, mabwana, nitafunga..."

Kamla aliweka birika chini. Salima alimshika mkono. "Shangazi, humo kuna wageni."

"Nimeona."

"Haji atakasirika."

"Haji amekula chumvi nyingi, hatakufa kwa hili." Akavuta shela yake ikafunika nywele vizuri, akalisukuma pazia.

Wanaume sita walimtolea macho. Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia sebule ile wageni wakiwemo, isipokuwa kwa kupitisha sinia mlangoni. Haji Jibril aliinua mkono nusu. "Mama Rizq," alisema kwa upole wa hatari, akimwita kwa jina la mwanawe, "rudi, mwanangu. Tunazungumza."

"Hamzungumzi, ami. Mmenyamaza. Nimewasikia mkinyamaza tangu asubuhi." Alimgeukia mkaguzi. "Ustadh, umeuliza nani alikuwepo. Andika."

Mkaguzi alimtazama Haji, akamtazama Atiwa, kisha akachukua kalamu.

"Mahema yalikuwa manne," Kamla alisema. "Matatu yamejipanga, migongo yake kwenye upepo wa baharini, milango kusini. Hema la magharibi, karibu na shayiri, la Mabruka, mama wa Sanad. Alikuwa na mkwewe Ghazala na mtoto Miftah. Hao wawili ndio waliopona. Mabruka hakupona. Andika Mabruka."

Kalamu ilianza kukwaruza.

"Hema la kati la Nuwara, mke wa Bu Bakr. Alikuwa na binti yake Zahwa, wa miaka mitano, mwenye pengo la meno ya mbele. Andika wote wawili. Hema la tatu la Hamida na mama mkwe wake Rabha, aliyekuwa kipofu na ndiye aliyewafundisha wote kufuma. Waandike."

"Na la nne?"

"La nne halikuwa pamoja na hayo. Lilikuwa mbali, upande wa mashariki, hatua mia hivi, na mlango wake uligeukia kaskazini, kinyume cha wenzake, baridi yote ikiingia. Watu walicheka, nani hujenga hema namna hiyo. Lilikuwa la Khazna. Alikuwa amejifungua. Mzazi wetu hutengwa siku arobaini, asije mtu aliyetoka makaburini akamwingilia ghafla maziwa yakakauka, na siku zile watu wa reli walikuwa wamefanya kila nyumba kuwa ya msiba. Ndiyo maana mlango wake uligeuzwa. Mtoto wake alikuwa wa kike, wa siku kumi na tisa. Aliitwa Tuffaha. Andika Khazna, andika Tuffaha."

Mkaguzi alikuwa akitafsiri kwa sauti ya chini, na Kamla aliona uso wa Bwana Hallam ukibadilika. Mzee yule hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anapapasa mkoba wake. Alitoa bahasha, na ndani ya bahasha picha kubwa, akaiweka juu ya mkeka, akainama na lenzi yake mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hii imepigwa na ndege," Ustadh Munir alieleza, "siku mbili kabla ya afisa kufika. Anasema ameipata mwezi uliopita, haijachapwa popote, hajamwonyesha mtu."

Wanaume walisogea. Ardhi ya kwao ilionekana kutoka juu, kijivu. Madoa matatu meusi yamepangana, vivuli vikielekea upande mmoja. Na mbali kidogo, peke yake, la nne, limegeuka kinyume.

Bwana Hallam alisema jambo. Mkaguzi alichelewa kidogo kulitafsiri.

"Anasema kwamba nyuma ya picha aliandika: vibanda vya stoo. Anasema lile la nne lilimsumbua. Hakuelewa kwa nini stoo moja ijengwe vibaya."

"Mwambie haikujengwa vibaya," Kamla alisema. "Na mwambie yale mapipa yake mia nne yalipangwa juu ya nani. Wote saba walikuwa kwenye kisima kikavu chini ya mapipa. Alfajiri moja na yule mbwa. Mwambie hivyo, usipunguze neno. Mbwa amemwandikia chakula alichopenda! Mimi naweza kumwambia Zahwa alipenda nini, kama ana nafasi ukurasani."

Mkaguzi alimwambia. Haikuonekana kwamba amepunguza. Bwana Hallam alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alimtazama mwanamke aliyempikia, na Kamla hakuona sababu ya kumhurumia.

"Alisema hakuna mtu," Haji Jibril alinong'ona, bila kumwelekea yeyote. "Marehemu Sanad. Ningesema hivyo hivyo mimi."

"Najua, ami. Ndiyo shida."

Ustadh Munir alihesabu mistari yake kwa kalamu. "Hili linatosha," alisema, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imemtoka. "Maelezo na picha vinakubaliana. Bonde litabaki kwenu. Nahitaji saini ya mkuu wa nyumba, na jina la shahidi." Akamgeukia Atiwa, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. "Shahidi nimwandike nani?"

"Andika dada yangu," Atiwa alisema papo hapo.

Kamla alidhani amesikia vibaya. Majina saba yalikuwa bado mabichi kwenye karatasi.

"Dada yako ana jina, bwana."

"Andika Mama Rizq. Wote wanamjua hivyo."

"Kina Mama Rizq wapo mia moja huko Matruh," mkaguzi alisema. "Shahidi asiye na jina si shahidi. Faili litarudishwa." Alimgeukia Kamla. "Mama, nitajie wewe, tumalize. Au nipe kitambulisho."

Kitambulisho kilikuwa sandukuni, hatua kumi. Jina lilikuwa mdomoni. Salima alikuwa amefungua pazia nusu na alikuwa akimwashiria kwa macho: sema tu, shangazi, sema tuondoke na bonde letu. Kamla aliliona bonde, mitini mia mbili aliyoipanda na mumewe, chipukizi za mwaka ule. Akaona pia kwamba akilisema yeye, kesho watu watasimulia kwamba mwanamke mmoja mwenye kichaa aliingia sebuleni akajitaja, na nyumba itabaki kama ilivyokuwa.

"Sisemi," alisema.

"Mama!"

"Kitambulisho kiko sandukuni na sikitoi. Muulize yeye." Alikaa chini, pale pale katikati ya mkeka, mbele ya wanaume sita, akakunja miguu. "Mwanamume wa nyumba hii ndiye aliyesema hakuna mtu. Mwanamume wa nyumba hii ndiye atakayesema kuna mtu. Asipotaka, Ustadh, funga faili lako, chukueni bonde. Watalii wapige picha."

"Umerukwa na akili," Haji Jibril alisema.

"Labda, ami. Chai ipo, mnaweza kusubiri."

Atiwa alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimtazama Haji, na Haji akatazama tasbihi yake, hakumpa ruhusa wala hakumkataza. Alimtazama mgeni. Akatazama picha pale chini, lile hema moja lililogeuka. Miaka hamsini na minane alikuwa amemwita dada, mama Rizq, bibi yule, wewe, watu wa ndani. Kamla alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alilisikia jina lake katika sauti ya kaka yake na hakukumbuka, labda walipokuwa watoto wakikimbizana na wana-kondoo. Bonde zima lilikuwa limekaa kwenye koo la mtu mmoja mpole.

"Kamla," Atiwa alisema, akiiangalia miguu yake.

"Sikusikia," mkaguzi alisema.

Atiwa aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa na maji, na alikuwa amekasirika, ingawa haikujulikana amemkasirikia nani.

"Kamla!" alipaza sauti, mpaka kuku wakashtuka uani. "Kamla binti Miftah bin Sanad. Dada yangu. Yupo hapa, ameketi mbele yako. Andika!"